Harufu Inayongoja Joto: Chembe za Polima na Kinga dhidi ya Mbu

Katika delta ya Rufiji, wilayani Kibiti, mkulima wa mpunga hulala dunguni ili kulinda shamba dhidi ya nguruwe na viboko. Dungu huwa wazi, na mara nyingi chandarua hubaki nyumbani. Wapo wanaojikinga kwa mafuta ya mchaichai au majani ya kivumbasi. Hata hivyo, viini vya harufu ni vyepesi na hupeperuka upesi. Mtu akijipaka saa mbili usiku, kinga huisha mapema, ilhali mbu aina ya anofelesi huuma hadi alfajiri.

Wanakemia hutafuta suluhisho kwa kuifungia harufu ndani ya chembe ndogo za polima inayoitikia joto. Mfano mashuhuri ni poli-N-isopropilakrilamidi. Chini ya takriban nyuzijoto 32 za Selsiasi, minyororo yake hushikamana na maji na chembe huvimba kama sifongo. Joto likipita hapo, minyororo huyaachia maji. Chembe husinyaa na kukamua kilichomo. Kwa kuwa joto la ngozi hukaribia nyuzi 32 hadi 34, mwili wenyewe huweza kuwa ufunguo.

Hapo ndipo hali ya hewa ya Pwani inapoleta mtihani. Mchana wa joto kali, chupa iliyoachwa juani hupita kiwango hicho, na harufu huanza kutoka kabla ya usiku. Kiwango kinaweza kupandishwa kwa kuongeza viambato vinavyopenda maji. Lakini kikipandishwa mno, ngozi nayo haitaifungua chembe. Kwa hiyo, kinachofaa nchi za baridi hakifai Kibiti bila kupimwa upya.

Ipo njia nyepesi zaidi: watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara wamejaribu mapambo ya katani yaliyotiwa transiflutrini katika baa za wazi Dar es Salaam. Dawa hiyo hugeuka mvuke kwa joto la kawaida, bila moto wala umeme.

Chembe za polima bado ni somo la maabara. Mhudumu wa afya amshauri mkulima abebe chandarua chenye dawa hadi dunguni, na atumie dawa ya kujipaka yenye DEET kwa kufuata maelezo ya kibandiko. Homa ikianza, apimwe malaria ndani ya saa 24, hata kama alijipaka kila usiku.