Kodi, SHA na Mana ya Jangwani

Andiko: 2 Wakorintho 8:1–21. Soma pia Kutoka 16 na Kumbukumbu la Torati 14:28–29.

Baada ya ibada ya pili, ndugu mmoja wa boda alinishika mkono pale mlangoni akauliza: "Mchungaji, tangu niokoke sijalazwa hospitali hata siku moja. Kwa nini nilipie SHA ya mtu hata simjui?" Watu walicheka, lakini yeye hakuwa anacheka. Nilimwambia anipe wiki moja.

Paulo alikuwa anachangisha pesa kwa ajili ya watakatifu maskini wa Yerusalemu. Wamakedonia, watu wenye shida zao, walikuwa wameshatoa. Wakorintho, watu wa mji wa biashara, waliahidi mwaka mzima ukapita na mchango bado. Paulo hawaambii wajifilisi. Anachotafuta ni usawa: leo mko na ziada na wenzenu wamepungukiwa, na siku inaweza kuja mambo yageuke. Halafu anawakumbusha mana. Kule jangwani kulikuwa na mwenye mikono ya haraka na mama mjamzito asiyeweza kuinama sana. Walipopima, wote walikuwa na ya kuwatosha. Na ile iliyofichwa mpaka asubuhi ikaingia mabuu.

Najua mtasema: hiyo ilikuwa sadaka ya hiari, kodi ni ya lazima. Ni kweli, Paulo mwenyewe anasema haamrishi. Lakini Torati haikuacha kila kitu kwa moyo wa mtu. Kila mwaka wa tatu zaka iliwekwa malangoni pa mji, ale Mlawi, mgeni, yatima na mjane. Yatima hakungoja mpaka tajiri aguswe na mahubiri.

Sasa turudi kwa yule "mtu simjui". Wapendwa, hapa kanisani tunapitisha kikapu cha bili ya hospitali karibu kila mwezi. Mgonjwa akiwa wa kwaya, kikapu kinajaa. Akiwa yule mama anayekaa kiti cha nyuma, aliyehamia Matisi juzi na hana ukoo hapa, zinabaki sarafu. Sisemi hivyo kuwaaibisha, mimi pia nimetoa hizo sarafu. Harambee inamfikia mwenye watu. Mfuko wa wote ndio unaweza kumfikia asiye na watu, kwa sababu haumuulizi anajulikana na nani.

Na mchango wenyewe umepangwaje? Zamani, kwa NHIF, mwenye mshahara wa shilingi 100,000 alikatwa 1,700, na mwenye 500,000 pia 1,700. Mwenye 20,000 alikatwa 750. Tangu Oktoba 2024 kila mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75. Yule wa 20,000 sasa anatoa 550, na yule wa 500,000 anatoa 13,750. Asiye na mshahara anaulizwa maswali kuhusu nyumba na mali yake, halafu anapangiwa, isipungue 300 kwa mwezi. Hapo kuna kilio, na ni kilio cha haki: wengine mmepangiwa kiasi kinachozidi mapato yenu, na mnadaiwa mwaka mzima kwa mkupuo. Lakini pia tusemezane ukweli. Kuna mwenye ng'ombe watatu na posho mill anayejibu yale maswali kana kwamba yeye ni Lazaro mlangoni pa tajiri.

Tena tusijidanganye kwamba kuna wanaolipa na kuna wanaopewa tu. Mama akinunua sabuni dukani, asilimia 16 ya VAT iko ndani ya bei. Na sisi wakulima wa Trans Nzoia na Bungoma, mfuko wa mbolea tuliobeba kutoka depo za NCPB kwa 2,500, nani alilipa ile tofauti? Mtu wa Mombasa asiye na shamba, hatujawahi kumuona.

Lakini msifunge Biblia kwenye mstari wa 15. Endeleeni hadi wa 20 na 21. Paulo hakubeba zile pesa peke yake. Alimtuma Tito pamoja na ndugu aliyechaguliwa na makanisa, ili mtu asipate neno la kumlaumu kuhusu mchango ule. Sura inayotuambia tugawane ndiyo inayodai hesabu. Wazee wetu wanaliogopa neno kodi, na wana sababu: kodi ya nyumba ya mkoloni iliwasukuma vijana wa Bungoma kuja kulima mashamba ya walowezi huku Trans Nzoia, na faida ikabaki kwa mlowezi. Na watu wa Bungoma hamjasahau zile wilbaro za kaunti za mwaka 2015, kila moja zaidi ya laki moja. Kwa hivyo Mkristo anayelipa kodi na hauliza ilienda wapi ametii nusu ya sura. Anayeuliza kila siku na halipi, ametii ile nusu nyingine. Katiba yetu, kifungu cha 201, inataka mzigo wa kodi ugawanywe kwa haki, na inataka uwazi na ushiriki wa wananchi kwenye mambo ya fedha. Kaunti ikiita kikao cha bajeti, si wanasiasa peke yao wanaoalikwa.

Jumatano hii, kwenye ushirika wa nyumbani, someni sura yote ya 8 kwa sauti. Kila mtu aje na kitambulisho na simu. Vijana watawasaidia ambao hawajajisajili, kwa *147#. Kujisajili hakuna malipo, na ukishajisajili huduma ya zahanati na kituo cha afya haikudai mchango. Aliyepangiwa kiasi asichoweza aje na ujumbe aliotumiwa, tuandike malalamiko pamoja. Ndugu wa boda, na wewe uje, tutahitaji mtu wa kumchukua yule mama wa kiti cha nyuma.