Kufundisha Kutu kwa Sakafu ya Lori Kuukuu

Somo la kutu aghalabu hupewa dakika kumi. Mwalimu huandika ubaoni kwamba chuma kikikutana na maji na hewa hupata kutu, wanafunzi hunakili, kisha kipindi huendelea na jambo jingine. Siku ya mtihani wengi huijibu sentensi hiyo barabara. Lakini waulizwapo sakafu ya lori kuukuu imetobolewa na nini, husema imeliwa. Imeliwa na nini? Hapo kimya huanza. Katika makala haya twakusudia kumwonyesha mwanachuo namna ya kuanzia kwenye tundu lile lenyewe na kurudi nyuma hadi kwenye chanzo chake.

Tuchukue mfano wa shule iliyoko Masakta, wilayani Hanang, mkoani Manyara. Malori ya huko hubeba mahindi, maharage na mifugo kwa barabara za udongo. Masika dereva hupanda na viatu vyenye matope, na matope hayo hujificha chini ya mpira wa kukanyagia, mahali ambapo jua halifiki. Katika bonde liko Ziwa Balangida, ambalo wenyeji huvuna chumvi yake. Gunia la chumvi likivuja ndani ya lori, unyevu wa sakafuni hugeuka maji ya chumvi. Hivyo mwalimu anayo mifano mlangoni pake, wala hana haja ya kuagiza zana kutoka mjini.

Kabla ya kwenda kwa fundi, waacheni wanafunzi waseme wayajuayo kwa maneno yao. Mtoto ambaye nyumbani husema Kiiraqw au Kidatooga huenda analo jina la kutu ambalo mwalimu halijui. Alitaje, liandikwe ubaoni kando ya neno la Kiswahili. Mwalimu apoteze dakika tano hapo, hazitapotea.

Ziara ya gereji twaipendekeza iwe mara mbili: mara moja fundi anapokuwa amekwisha kufunua sakafu, na mara ya pili kiraka kinapokuwa kimepoa. Wakati wa kuchomelea, wanafunzi wasiwepo kabisa. Mwanga ule huunguza macho hata ya mtu anayetazama kwa mbali kidogo, na mtoto hawezi kuzuiwa kutazama kwa kukatazwa tu. Mwalimu apatane na fundi mapema, tena asitegemee bahati.

Katika ziara ya kwanza fundi aombwe kuinua mpira na kugonga sakafu kwa nyundo ndogo. Bati zima hulia. Bati lililooza hutoa mlio mfu, au nyundo huzama. Wanafunzi watashangaa kuona kwamba tundu dogo kama shilingi limezungukwa na eneo bovu lenye upana wa kiganja. Tena watazame rangi iliyovimba kama malengelenge. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma iliyotoka nacho, ndiyo maana huiinua rangi. Hapa pia neno 'kuliwa' lapaswa kusahihishwa kwa upole. Chuma hakikupungua tumboni mwa kitu chochote. Kimeungana na oksijeni ya hewani, kwa msaada wa maji, kikawa kitu kingine. Kutu iliyokusanywa yote na kukaushwa ingekuwa nzito kuliko chuma kile kilichopotea.

Fundi aeleze kazi yake mwenyewe, nasi tutaje machache tu ili mwalimu asikilize kwa akili. Kwanza hutenganisha waya za betri, huchungulia chini ya sakafu kuona mabomba ya breki, ya mafuta na nyaya za umeme, na huondoa chochote kinachoweza kushika moto. Kisha hukata bati bovu hadi afike kwenye chuma safi. Kiraka hukatwa kwa pembe za mviringo, kipite ukingo wa tundu kiasi cha sentimita mbili. Hushikizwa kwa nukta chache, halafu hujazwa vipande vifupi vifupi kwa zamu, pande zinazotazamana, ili joto lisilipinde bati. Baadaye hupakwa rangi ya kuzuia kutu juu na chini, na mishono huzibwa. Iwapo ni chasisi au mahali kinaposhikiliwa chumba cha dereva pameoza, kiraka cha sakafu hakitoshi, na fundi mwaminifu atamwambia hivyo mwenye lori.

Baadhi ya mafundi huchukua kipande cha bati la kuezekea kwa kuwa ni rahisi. Bati hilo ni jembamba mno kwa sakafu, na zinki iliyolifunika ikiunguzwa hutoa moshi unaoleta homa na kutetemeka. Wengine hupaka lami juu ya kutu na kuuza lori. Mnunuzi hapati habari mpaka mguu uzame, au moshi wa injini uingie ndani kupitia tundu pamoja na kaboni monoksidi, hewa ya sumu isiyo na harufu. Watoto wanaopewa lifti kwenda mnadani huketi humo humo.

Turudi darasani. Yatafutwe misumari mitano isiyopakwa zinki, ioshwe kwa sabuni kuondoa mafuta. Wa kwanza uwekwe katika maji ya mvua. Wa pili katika maji yaliyochemshwa vizuri na kufunikwa kwa tabaka la mafuta ya kupikia, ili hewa isiingie. Wa tatu katika chupa kavu iliyozibwa, pamoja na vipande vya mkaa vilivyokaushwa motoni. Wa nne katika maji ya chumvi ya dukani. Wa tano katika maji yenye chumvi ya ziwani. Wanafunzi waandike makisio yao kabla, na wachunguze kila siku kwa juma moja.

Kuhusu msumari wa tano mwalimu asitoe ahadi. Maziwa ya chumvi ya Bonde la Ufa mara nyingi huwa na magadi pia, na magadi huweza kuchelewesha kutu. Huenda msumari ule ukabaki safi kuliko wa nne, jambo litakalowakera waliokisia kwamba chumvi ni chumvi. Mwalimu asiuondoe mezani kwa kuogopa maswali. Aulize chupa hizi mbili zatofautianaje, na awaachie wanafunzi wapange jaribio la sita wenyewe.

Katika ziara ya pili, mbele ya kiraka kipya, swali la kuwauliza ni moja: maji yaliyooza sakafu hii yaliingia wapi, na je, njia hiyo imezibwa? Mara nyingi watakuta mpira wa mlango umepasuka, au vitundu vya kutolea maji vimejaa matope, na hakuna aliyevigusa.