KWA NINI HUAMINI? NA WEWE UNAYEAMINI, KWA NINI?

Somo kwa vijana

Mpendwa kijana, umepewa karatasi hii uwanjani, au labda stendi wakati unasubiri gari. Usiikunje kwanza kufungia karanga. Leo hatukuulizi kama umeokoka. Tunakuuliza swali dogo kuliko hilo, nalo ni gumu zaidi: hayo unayoyasema kuhusu Mungu, umeyatoa wapi?

Maana ukikaa kijiweni utasikia mengi. Mmoja anasema, "Ah, mimi mambo ya Mungu sina mpango nayo." Mwingine anasema sayansi imeshamaliza kila kitu. Wa tatu anasema wahubiri wote ni wezi tu. Na yupo yule aliyenyamaza, ambaye kwao wanasali kila Jumapili na yeye anakwenda kwa sababu asipokwenda hapati chai. Wote wanne wana sababu. Lakini je, hiyo wanayoisema mbele za watu ndiyo yenyewe?

USHUHUDA WANGU

Mimi niliacha kuamini nikiwa kidato cha pili. Mdogo wangu aliugua malaria iliyompanda kichwani. Siku nne. Mama alifunga, na mimi nikafunga siku mbili bila hata maji, nikiamini kabisa atapona kwa sababu nilifundishwa kwamba ukiomba kwa imani unapewa. Alikufa Jumatano asubuhi, kabla hakujapambazuka vizuri. Pale msibani mzee mmoja wa kanisa akanishika bega akaniambia Mungu amechuma ua lake. Mwingine akamnong'oneza mama kwamba huenda nyumba yetu ilikuwa na upungufu wa imani. Nikajisemea moyoni, basi huyo Mungu anayechuma maua ya watu, sitaki habari zake.

Miaka saba nikakaa hivyo. Na watu wakiniuliza kwa nini sisali, unafikiri niliwaambia habari za mdogo wangu? Hata! Niliwaambia ni sayansi. Sayansi yenyewe, ndugu yangu, fizikia nilipata F.

Sisemi kwamba kila asiyeamini anaficha kidonda. Wapo waliokaa wakafikiri kwa uaminifu, na hao tuwaheshimu. Mwaka 1927 mwanafalsafa Mwingereza, Bertrand Russell, alitoa hotuba London akieleza kwa nini yeye si Mkristo. Jambo moja alilolisema ni kwamba msingi mkubwa wa dini ni hofu. Walokole wengi hukasirika wakisikia hivyo. Mimi sikasiriki, maana kwa upande wangu lilikuwa kweli. Nilipokuwa mtoto niliamini kwa kuogopa moto. Hofu ile haikuniwezesha kumsimamia Mungu hata siku moja baada ya mazishi. Kwa hiyo hata wewe unayeamini, kagua: ungekuwa umezaliwa nyumba ya jirani asiyesali, ungekuwa bado unasali?

MTU ALIYEOMBA MAMA YAKE APONE

Yupo mwandishi mmoja ambaye huenda umesikia jina lake, C. S. Lewis, mzaliwa wa Belfast, Ireland, mwaka 1898. Akiwa na miaka tisa tu, mama yake aliugua kansa. Yule mtoto aliomba apone. Mama akafa Agosti 1908. Alipokuwa kijana akaiacha imani kabisa. Kisha akapelekwa Ufaransa kwenye mahandaki ya Vita ya Kwanza ya Dunia, akajeruhiwa mwaka 1918. Baadaye akawa mwalimu wa chuo kikuu Oxford, na hoja za kukataa uwepo wa Mungu alikuwa nazo nyingi, tena nzuri kuliko zangu na zako.

Alirudi polepole. Kwanza akakubali kwamba Mungu yupo, ingawa bado hakuwa Mkristo. Septemba 1931 alizungumza na marafiki wawili mpaka usiku wa manane, mmoja wao akiwa J. R. R. Tolkien. Siku chache baadaye kaka yake alimchukua kwenye pikipiki yenye kile kiti cha pembeni, wakaenda kutazama wanyama katika bustani ya Whipsnade. Humo njiani ndipo alipofikia kuamini kwamba Yesu ni Mwana wa Mungu. Hapakuwa na madhabahu wala kwaya. Kwenye kiti cha pikipiki!

Lakini usikimbilie kusema haleluya, hadithi haijaisha. Alioa akiwa mtu mzima, na mwaka 1960 mke wake naye akafa kwa kansa, ugonjwa ule ule. Mwaka uliofuata akachapisha kitabu kidogo kwa jina la bandia, na ndani yake amemlalamikia Mungu kwa maneno makali ambayo kwenye makanisa mengine angetengwa. Hakuiacha imani. Ila hakujifanya hana kidonda.

BIBLIA HAIWAKEMEI HAWA

Najua kuna watu wanapenda kuwapiga vijana na Zaburi ya 14, ile inayomtaja mpumbavu anayesema moyoni kwamba Mungu hayupo. Soma mpaka mstari wa nne. Utaona Daudi anawazungumzia watu wanaowala wenzao kama mkate, wadhalimu wanaoishi kana kwamba hakuna wa kuwauliza. Siyo kijana aliyetoka makaburini.

Hebu sasa tuangalie Yohana 20. Tomaso tumemwita "mwenye mashaka" mpaka imekuwa kama jina la ukoo. Lakini rudi nyuma sura ya 11 uone, Yesu aliposema anarudi Uyahudi ambako walitaka kumpiga mawe, ni nani aliyewaambia wenzake twende tukafe naye? Ni huyo huyo Tomaso. Hakuwa mtu wa masihara. Alikuwa amependa sana, kisha akaona kila kitu kimetundikwa msalabani. Alipoambiwa Bwana yu hai, akakataa kudanganywa mara ya pili, akataka aone alama za misumari.

Wenzake hawakumfukuza. Baada ya siku nane bado alikuwa nao chumba kimoja, yeye haamini, wao wanaamini. Na Yesu alipotokea alimwonyesha zile zile alama alizozitaka. Ni kweli alimwambia aache kutokuamini, ila alimwambia hivyo huku amenyoosha mikono yenye makovu.

Tena Mathayo 11. Yohana Mbatizaji, ambaye kwa mikono yake alimbatiza Yesu, yuko gerezani, anatuma watu kuuliza kama Yesu ndiye au wamngojee mwingine. Yesu hakumwita msaliti, bali alimsifu mbele ya makutano. Na hapa lazima niseme ukweli wote: gereza halikufunguka. Sura ya 14 inaeleza kwamba Herode alimkata kichwa. Anayekuambia ukiamini hutapatwa na kitu, hiyo sura ameiruka.

NILIVYORUDI

Nilikuwa najifunza kazi kwa fundi seremala mmoja, mlokole, mtu wa maneno machache. Nilikuja kujua kwamba alizika watoto wawili mwaka mmoja. Siku moja tunapiga randa nikamuuliza, "Mzee, wewe ulizika wawili. Mbona bado unasali?"

Nilijua atanitolea mstari. Hakutoa. Akaweka randa chini akasema, "Kwa nini walikufa sijui, mwanangu. Nimemuuliza Mungu, na bado namuuliza. Ila zile usiku sikuwa peke yangu. Hilo nalijua."

Akaendelea na kazi. Mimi sikuweza kuendelea. Alichosema hakikuwa hoja, na sikuweza kukiandika ubaoni kumshinda mtu. Lakini kwa miaka saba nilikuwa na hoja, na usiku nilikuwa peke yangu. Usiku ule niliomba. Nasema niliomba, kumbe niligombana: nilimwuliza Mungu habari za mdogo wangu mpaka sauti ikakauka. Jibu la ile "kwa nini" sijalipata mpaka leo. Lakini kwa mara ya kwanza nilijua kuna anayenisikiliza, na kwamba hakunikasirikia. Siku nyingi zilipita kabla sijaingia kanisani.

FANYA HIVI

Chukua karatasi na kalamu. Andika sababu unayowaambia watu kwa nini huamini, au kwa nini unaamini. Chini yake andika ile ambayo hujamwambia mtu. Halafu jiulize: ile ya kwanza ikijibiwa leo, je, utabadilika? Kama jibu ni hapana, hiyo siyo sababu yako, ni mlango ulioufunga tu.

Ile ya pili mpelekee Mungu kama ilivyo. Yule baba wa Marko 9 alimwambia Yesu kwamba anaamini, na papo hapo akaomba asaidiwe kwa sababu haamini. Yesu hakumrudisha nyumbani akaongeze imani kwanza. Alimponya mtoto.

Ukikosa maneno, sema hivi:

"Mungu, sina hakika kama upo. Nina hasira na wewe kwa sababu ya ........ Kama upo na unanisikia, sitaki maneno matamu, nakutaka wewe. Yesu, kama kweli una makovu, nionyeshe. Niko hapa."

Pale kwenye nukta taja jina. Mimi nilitaja la mdogo wangu.

Na kama unataka mtu wa kukaa naye, jioni mkutano ukiisha baki. Karibu na jukwaa utawakuta wahudumu. Njoo na karatasi yako, hata kama mstari wa pili umeuacha wazi.