Dondoo muhimu: Chagua vizuri bidhaa za kuuza mtandaoni kwa kamisheni

Kabla ya kusambaza kiungo chako cha kwanza cha bidhaa:

• Bana eneo lako. "Ufugaji" ni bahari. "Mashine ndogo za kutotolesha vifaranga kwa umeme wa sola" ni soko lenye mnunuzi anayejulikana.

• Fuata maswali. Andika jina la bidhaa yako kwenye Google, utazame mapendekezo yanayojitokeza. Pitia pia magrupu ya wafugaji ya Facebook. Swali linaloulizwa mara kwa mara bila kujibiwa vizuri ndilo nafasi yako.

• Pima uhitaji. Google Trends ni ya bure, na huonyesha kama bidhaa inatafutwa mwaka mzima au kwa msimu tu.

• Kagua wapinzani. Ukurasa wa kwanza wa matokeo ukijaa kampuni kubwa, bana zaidi. Ukijaa majibu ya juujuu au yaliyopitwa na wakati, ingia.

• Piga hesabu. Kwa kamisheni ya 5%, mashine ya shilingi 300,000 inakupa 15,000. Kava la simu la shilingi 10,000 linakupa 500 tu.

• Soma masharti. Amazon, kwa mfano, kwa kawaida huhesabu ununuzi unaoanza ndani ya saa 24 baada ya mteja kubofya kiungo, na hutaka angalau mauzo 3 ndani ya siku 180 za mwanzo.

• Kuwa mkweli. Mwambie msomaji kwamba unalipwa kamisheni, wala usisifie bidhaa usiyoifahamu. Mteja aliyeshauriwa vyema hurudi, tena huleta wenzake.