Dua zangu za Hija: chache kwa Kiarabu, nyingi kwa Kiswahili

Wiki mbili kabla ya safari, nyumba yetu ya Ngamiani, Tanga, haikukaukiwa wageni. Kila aliyeingia alikuja na lake. Mmoja anataka kuombewa mtoto, mwingine deni limemkaba, mwingine mama yake ana kisukari na macho yanafifia. Niliandika wote kwenye daftari dogo, majina sitini na moja, kila jina na haja yake. Juu ya hapo nilinunua kitabu cha dua chenye kurasa zaidi ya mia, kilichoweka dua yake kwa kila mzunguko wa tawafu na yake kwa kila hatua ya saayi. Nikajiona nimejiandaa.

Ilikuwa Hija ya mwaka 1440, Agosti 2019, tulipokusanyika karibu watu milioni mbili na nusu. Tangu nirudi, kina mama wa darsa letu hawaachi kuniuliza: "Dada, kule ulisoma nini?" Jibu langu limekuwa refu kila mwaka, basi safari hii nimeliandika.

Nianze na kile kitabu. Mzunguko wa kwanza nilisoma vizuri. Wa pili, umati ukasogea kwa kishindo, bega likanipiga, ukurasa ukanipotea. Nikapunguza mwendo ili niutafute, na kupunguza mwendo katikati ya mahali pale ni hatari kwako na kwa walio nyuma yako. Bibi mmoja wa Wete, Pemba, tuliyelala naye chumba kimoja, akanishika mkono akasema, "Mwanangu, funga hicho. Tembea, useme na Mola wako." Yeye alikuwa anatufu huku midomo inacheza, na nilipomsogelea nilimsikia akiomba kwa Kiswahili kitupu, anamtaja mjukuu wake kwa jina, anataja na ugonjwa wake, anaeleza kama anayemweleza mtu aliye mbele yake.

Nilifunga kitabu. Baadaye nikamuuliza shekhe wetu wa manasiki, akanithibitishia kwamba Mtume (s.a.w.) hakuweka dua maalumu ya mzunguko wa kwanza, wa pili, wala wa saba. Kilichothibiti ni takbira unapofika usawa wa Hajarul Aswad, na ile Rabbanaa aatinaa, ya kuomba mema ya dunia na ya akhera, baina ya Ruknul Yamani na Hajarul Aswad. Kwingine kote ni mlango wazi: dhikiri, Qur'ani, dua yoyote, lugha yoyote unayoielewa. Nasikitika ninapowaona watu wanafuata msafara nyuma ya kiongozi anayepaza sauti kwa Kiarabu, nao wanamwitikia maneno yaliyokatika vipande wasivyojua maana yake. Wengine wanafika mzunguko wa saba hawajaomba hata moja kati ya yale yaliyowatoa kwao. Si dhambi, lakini ni hasara kubwa.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza: usibebe kitabu kikubwa. Hifadhi mambo manne tu ukiwa nyumbani, na uyajue neno kwa neno.

La kwanza ni talbia, yaani kumwitikia Mwenyezi Mungu kwamba nimekuja, huna mshirika, sifa na neema na ufalme ni vyako. La pili ni hiyo Rabbanaa aatinaa, ambayo karibu kila aliyepita madrasa anayo. La tatu ni tahalili ndefu tunayoisoma katika uradi baada ya swala, ya kushuhudia kuwa hakuna apasaye kuabudiwa isipokuwa Allah peke Yake, ufalme ni Wake na sifa ni Zake. La nne ni takbira. Mimi nilikaa nazo mwezi mzima. Kila baada ya Alfajiri nilisoma neno la Kiarabu, nikasema maana yake kwa Kiswahili, nikarudi kwa Kiarabu. Ndiyo maana basi letu liliposimama Dhul Hulaifa, pale wanapopaita Abyar Ali, tukatia nia ya umra na talbia ikaanza, nililia. Nilijua ninachokisema.

Hapo miqati kuna jambo dogo wengi hawafundishwi. Ukiogopa ugonjwa au kizuizi, unaweza kuweka sharti wakati wa kutia nia: kwamba ikiwa nitazuiwa, basi nitajivua ihramu palepale nitakapozuiliwa. Mtume (s.a.w.) alimfundisha hivyo Dhubaa binti Zubair, aliyekuwa mgonjwa na anataka kuhiji. Bibi yangu wa Wete alikuwa na presha, akaliweka sharti hilo. Alimaliza salama, lakini njia nzima alikuwa ametulia moyo.

Wanaume wanapaza sauti kwa talbia, sisi wanawake tunaisema kwa kiasi cha kujisikia. Katika umra unaiacha unapoanza tawafu. Katika Hija unaendelea nayo mpaka unapoanza kurusha mawe Jamratul Aqaba tarehe 10. Usiiache ikafa ndani ya basi. Baina ya Madina na Makka ni zaidi ya kilomita 400, watu wanalala, simu zinatoka. Chagueni wawili watatu wa kuamshana.

Sasa nije kwenye jambo ninalolipenda kuliko yote. Ibnul Qayyim ametaja kwamba katika Hija yake Mtume (s.a.w.) alisimama kwa dua mahali sita: juu ya Safa, juu ya Marwa, Arafa, Muzdalifa, baada ya jamra ya kwanza, na baada ya jamra ya pili. Shekhe wetu alitufanya tuzihesabu kwenye vidole vya mkono mmoja na kidole kimoja cha mkono wa pili, kila siku, kabla hatujaondoka Tanga. Zihesabu na wewe. Ukizijua hizo sita, hutafagiwa na umati, kwa sababu unajua ni wapi pa kusimama.

Na pale ndipo watu wengi wanapopapita. Nenda Safa uone. Watu wanafika, wanainua mkono mara moja kuelekea Kaaba, kisha wanateremka mbio kama wanaokimbilia kivuko. Sunna ni kupanda, kuelekea Kaaba, kuleta takbira na ile tahalili, kisha kuomba, na kurudia mpangilio huo mara tatu, ukiomba baina yake. Nilisogea pembeni ya njia, nikasimama muda wa kutosha. Mbele yangu nikamkumbuka Bi Hajara, mama peke yake na mtoto mchanga, maji yameisha, anakimbia baina ya vilima viwili hivi. Mimi nina dada aliyelea watoto wanne peke yake, anauza vitumbua alfajiri. Nilimwombea pale, na sikuhitaji kitabu. Ukifika Marwa, fanya kama ulivyofanya Safa. Kutoka Safa hadi Marwa ni mara moja, kurudi ni mara ya pili, kwa hiyo ya saba inakuishia Marwa.

Arafa inahitaji maandalizi ya mwili kabla ya ulimi. Usifunge siku hiyo ukiwa umehiji. Mtume (s.a.w.) aliletewa maziwa akiwa Arafa, akanywa watu wakimwona. Kula kidogo asubuhi, lala kabla ya Adhuhuri, maliza foleni ya choo na udhu mapema. Muda wenyewe ni baada ya jua kupinduka, mkishaswali Adhuhuri na Alasiri kwa kukusanya na kupunguza, mpaka jua lizame. Huna haja ya kuparamia Jabal Rahma, maana Arafa yote ni mahali pa kusimama. Nilichokiangalia kwa makini ni mabango ya mipaka, kwa sababu sehemu ya mbele ya Msikiti wa Namira iko nje ya Arafa, na aliyekaa huko mpaka mwisho hana kisimamo.

Saa hizo ni nyingi kuliko unavyodhani. Nusu saa ya kwanza kila mtu analia, saa ya pili watu wanapiga soga na kugawana juisi. Mimi nilijigawia muda. Nilianza na kumsifu Mwenyezi Mungu na kumswalia Mtume. Kisha istighfari, na hapa nilikwenda kwa umri wangu: utoto, shule, mwaka wa kwanza wa ndoa, ule ugomvi na mama mkwe ambao sikuwahi kuuombea msamaha. Kisha wazazi. Kisha watoto, mmoja mmoja kwa jina. Kila nilipochoka nilirudi kwenye ile tahalili, maana imepokewa kwamba dua bora ni dua ya siku ya Arafa, na bora aliyoisema Mtume na Manabii kabla yake ndiyo hiyo. Koo likikauka, kunywa maji uendelee kwa moyo. Sauti si sharti.

Alasiri nikatoka hemani nisimame uwanjani, daftari langu la majina mkononi. Ndipo mawingu yakafunga na mvua ikashuka, mvua ya kweli, na upepo juu yake. Watu wakapaza takbira uwanja mzima. Wanavyuoni wanaitaja mvua miongoni mwa nyakati za kutarajia majibu, na sisi tulikuwa nayo Arafa, alasiri, mikono iko juu. Sikukimbia kurudi hemani. Nilipolifungua daftari, wino wa maji ulikuwa umeshatiririka. Kurasa nzima zimekuwa buluu. Katika majina sitini na moja nilisoma tisa.

Moyo ulinipasuka. Zile zilikuwa amana za watu. Nikasimama kimya kidogo, kisha nikafumba macho nikaanza kutembea Ngamiani. Nikaanza na nyumba ya pembeni ya barabara yetu: nani anakaa pale, alikuja lini kuniaga, aliniambia nini. Nikaingia ya pili. Nikavuka kwa muuza mkaa. Nikapita msikitini, nikamkumbuka muadhini na miguu yake iliyovimba. Nikaingia barabara ya nyuma, ya tisa, ya nane. Njiani nikakuta nyumba za watu ambao hawakuniagiza kitu chochote, nao nikawaombea. Nikamwombea yule jirani tuliyekosana kwa sababu ya ukuta, ambaye hakuja kuniaga kabisa. Mpaka jua linazama nilikuwa nimefika barabara ya kumi na tano, na nina hakika hakuna aliyeniagiza nikamwacha nje.

Sasa ndivyo ninavyowafundisha wenzangu wanaoogopa kusahau. Andika, ndiyo, lakini pia panga watu kwa mtaa, kwa ukoo, kwa ofisi, kwa darasa ulilosoma. Ukimwombea ndugu yako kwa siri naye hayupo, malaika anaitikia amina na kukuombea nawe mfano wake. Hivyo hupotezi zamu yako kwa kuanza na wengine.

Muzdalifa watu wanafika hoi. Maghribi na Isha zinakusanywa, kisha unalala, na kulala huko ndiyo ibada yenyewe ya usiku ule. Dua yake ni baada ya Alfajiri mpaka kupambazuke vizuri, uso umeelekea kibla. Wasiojua wanatumia wakati huo kufunga mizigo. Wazee na wanyonge wana ruhusa ya kuondoka usiku. Bibi yangu aliondoka, mimi nikabaki.

Kwenye Jamarati, kila jiwe na takbira yake, basi. Hakuna matusi, hakuna kurusha viatu. Unamtukuza Mungu, hujaja kugombana. Tarehe 10 unarusha mawe saba kwenye Aqaba na husimami kwa dua baada yake. Tarehe 11 na 12 unarusha jamra zote tatu. Ukimaliza ya kwanza, sogea pembeni mbali na msongamano, elekea kibla, inua mikono, omba kwa kirefu. Ukimaliza ya pili, vivyo hivyo. Ya tatu, ondoka. Vile vituo viwili ndivyo vya tano na vya sita katika hesabu yetu, na nilipokuwa pale niliona watu kumi tu wamesimama huku maelfu wanapita.

Wanawake wenzangu, neno moja. Chumbani kwetu kulikuwa na binti aliyeingia hedhi tarehe 7, akalia akidhani Hija imeharibika. Bi Aisha, mke wa Mtume (s.a.w.), naye ilimpata, akaambiwa afanye yote wanayofanya mahujaji isipokuwa kutufu mpaka atwaharike. Arafa anasimama, talbia analeta, dua anaomba, mawe anarusha. Yule binti aliomba Arafa kuliko sisi wote, na tawafu yake ya Ifadha aliifanya alipotwaharika.

Mdogo wangu anasafiri mwaka huu, inshallah. Juzi alinipigia usiku kuniambia ameshaandika majina arobaini na tatu na bado watu wanakuja. Nikamwuliza ameandika kwa kalamu gani. Akasema ya wino. Nikamwambia, mama, ayaandike upya kwa kalamu ya risasi, alifunge daftari kwenye mfuko wa nailoni, na kesho jioni aje tupite mtaani kwetu mguu kwa mguu, nyumba kwa nyumba, mpaka azijue kwa moyo.