Kabla ya Kutoboa Ukuta: Taratibu za Kufunga Simu za Biashara Lamu

Biashara ndogo huanza na simu moja ya mkononi mezani. Nyumba ya wageni ikipanuka, mwenyewe hutaka swichibodi, na laini ya kila chumba hadi jikoni. Hapo sheria huhusika, na mara nyingi hukumbukwa fundi akiwa tayari juu ya ngazi.

Kwanza ni kifaa. Chini ya Sheria ya Habari na Mawasiliano ya Kenya ya 1998, mitambo inayounganishwa na mtandao wa simu huhitaji idhini ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Mwombe muuzaji cheti cha modeli hiyo kabla ya kulipa. Swichibodi aliyoleta jamaa kutoka Dubai huenda ikalia vizuri, lakini kulia si kuidhinishwa. Fundi naye awe na leseni ya Mamlaka hiyo. Redio za kuzungumza na nahodha baharini pia zahitaji leseni ya masafa.

Jambo zito zaidi kwa Lamu ni ukuta. Mji wa Kale umo katika Orodha ya Turathi za Dunia ya UNESCO tangu 2001, na majengo yake yanalindwa na Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya 2006. Nyumba hizi ni za mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Kekee ikipita kwenye zidaka, lipu iliyochongwa kwa mkono humeguka, na saruji ya kuzibia haishikamani vyema na chokaa. Kwa hivyo mpango wa waya upelekwe kwanza kwa Makavazi ya Kitaifa, afisi ya Lamu. Yapo matundu ya zamani yanayoweza kutumika tena, na simu zisizo na waya hupunguza kutoboa, ingawa kuta nene hudhoofisha mawimbi. Anayetaka mlingoti wa antena aulize pia Mamlaka ya Usafiri wa Ndege; uwanja wa Manda uko ng'ambo tu ya mlango wa bahari.

Mitambo mingi ya sasa hurekodi mazungumzo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 yataka mpigaji aelezwe kwamba anarekodiwa, na kwa sababu gani. Biashara za hoteli na malazi hujisajili kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data hata zikiwa na wafanyakazi wachache. Faini yaweza kufika shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mapato ya mwaka, kiwango kilicho kidogo.

Kazi ikikamilika, usimlipe fundi salio kabla ya kuhakikisha kwamba kila chumba chaweza kufikia 999 na 112. Kwa kuwa vichochoro vingi havina anwani, bandika kando ya kila simu jina la mtaa na msikiti ulio karibu.