Pale Midomo Inapogusa: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Harmonika

Harmonika, au kinanda cha mdomo kama wengine wanavyoiita, ni chombo kinachoingia mfuko wa shati, na labda ndiyo maana watu hawakiheshimu. Kikiharibika kinatupwa. Mimi nimetengeneza vyombo vya muziki hapa Moshi kwa miaka mingi, na nasema harmonika nyingi zinazotupwa hazina ubaya wowote kwenye sauti. Ubaya uko pale midomo inapogusa. Barua nyingi nilizozichagua safari hii zinahusu sehemu hiyo.

Tuelewane kwanza kuhusu majina. Harmonika ya kawaida ina matundu 10 na ndimi 20, yaani kila tundu lina ulimi mmoja unaolia ukipuliza na mwingine unaolia ukivuta. Ndimi zimefungwa kwenye mabamba mawili ya shaba ya manjano, moja juu, jingine chini. Katikati ya mabamba hayo pana kipande chenye meno kinachogawa hewa kwa kila tundu. Hicho nakiita chanuo, maana ukikishika peke yake ndivyo kilivyo. Nje kabisa kuna vifuniko viwili vya bati.

*Fundi, shikamoo. Nimenunua harmonika ya mtumba pale Kiboriloni, ina chanuo la mbao. Nikipiga nusu saa midomo inachubuka, na siku nyingine inatoka damu. Je, nabana vibaya? (Mwanafunzi, Majengo)*

Marahaba, mwanangu. Hukosei. Chukua harmonika yako, ielekeze matundu kwako, uitazame kwa ubavu kwenye mwanga. Utaona meno ya mbao yametokeza mbele ya mabamba, japo kwa unene wa ukucha. Hayo ndiyo yanayokukata.

Sababu ni mate. Ncha ya kila jino ni kichwa cha mbao, yaani pale nyuzi zilipokatwa, na kichwa cha mbao hunywa maji kuliko ubavu wake. Ukipiga, meno yanavimba na kutokeza. Ukiiweka, yanakauka na kujikunja. Baada ya miezi ya kuvimba na kukauka, mbao inapasuka na hewa inaanza kupita pasipotakiwa. Hili si tatizo la harmonika yako peke yake. Kampuni ya Hohner ya Trossingen, Ujerumani, imekuwa ikitengeneza Marine Band tangu 1896, na kwa miaka mingi chanuo lake lilikuwa mbao ya mpeasi isiyopakwa kitu, likashikizwa kwa misumari midogo. Wapigaji wakubwa wa Marekani walizipenda na kuumizwa nazo vilevile. Baadaye yakaja machanuo ya plastiki, na katika karne hii kampuni hiyohiyo ikaanza kuziba mbao na kutumia skrubu badala ya misumari.

Usikate meno kwa kisu, tafadhali. Nimeona harmonika nyingi zilizouawa hivyo. Fungua, acha chanuo likauke siku tatu kivulini, kisha lisage ncha zake taratibu kwa msasa laini hadi zirudi nyuma kidogo ya ukingo wa bamba. Viringisha kila jino kwenye pembe zake. Halafu pitisha tupa ndogo kwenye ukingo wa mbele wa mabamba yenyewe, maana shaba iliyokatwa kiwandani mara nyingi ina makali usiyoyaona kwa macho. Midomo huyaona. Na kwa kuwa ni ya mtumba, kabla ya yote ondoa mabamba, uyaoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kwa mswaki laini, ukisugua kutoka shina la ulimi kwenda nchani, kamwe si kinyume chake.

*Fundi, mimi ni seremala, nina mabaki ya mpingo na mninga. Nataka kuchonga chanuo jipya. Nianzie wapi? (Rau)*

Fundi mwenzangu, barua yako imenifurahisha kuliko zote, kwa hiyo nitakujibu kwa kirefu.

Anza na chanuo la zamani, hata kama limepasuka. Hilo ndilo kielelezo chako. Umbali kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya tundu jirani ni takriban milimita 7.5, na ukikosea nusu milimita kwenye kila tundu, ukifika la kumi umekosea karibu milimita tano na ndimi hazitakaa mahali pake. Kwa hiyo usipime tundu baada ya tundu. Weka alama zote kutoka ncha moja, au weka la zamani juu ya jipya na uchore.

Kipande chote ni kidogo. Harmonika ina urefu wa sentimita 10 hivi. Nyuzi za mbao zifuate urefu wa meno, si urefu wa chanuo, la sivyo jino litavunjika ukiwa bado unakata. Mninga unakatika kwa raha na unatulia, lakini una vinyweleo vilivyo wazi, lazima uuzibe. Mpingo ni mgumu, unakula meno ya msumeno, na ukiukata kwa haraka unaungua na kupasuka. Kata kidogo, pumzika, kata tena. Vaa barakoa. Vumbi la mpingo linawasha ngozi na kifua, na kuna watu ambao miili yao hailitaki kabisa. Nimemwona kijana akivimba macho kwa kazi ya siku moja.

Sasa nifike kwenye jambo linaloamua kila kitu, ambalo maseremala wengi wanalipita: ubapa. Chanuo lazima likae juu ya bamba bila mwanya hata wa unywele. Hewa ya harmonika ni kidogo mno. Ikivuja kati ya tundu la 3 na la 4, ulimi unachelewa kulia, mpigaji anaongeza nguvu, na akiongeza nguvu sauti inashuka na ulimi unachoka hadi unakatika. Watu wanasema harmonika imezeeka, kumbe mbao haikunyooka.

Tafuta kipande cha kioo kinene cha dirisha. Gundi juu yake msasa namba 320. Chora mistari ya penseli juu ya uso wote wa chanuo, kisha liburute juu ya msasa kwa mwendo wa namba nane, bila kulikandamiza. Angalia. Mahali penseli imefutika ni vilima, ilipobaki ni mabonde. Endelea hadi mistari yote ifutike kwa pamoja, halafu malizia na msasa namba 600. Geuza, fanya upande wa pili. Na bamba la ndimi za kuvuta pia, upande usio na ndimi tu.

Baada ya hapo ziba. Nenda duka la dawa ununue mafuta meupe ya parafini, yale wanayompa mtu aliyefunga choo. Narudia, ni yale ya kunywa, si mafuta ya taa. Mafuta ya kupikia yasitumike, yanachacha. Loweka chanuo usiku kucha, lifute, liache siku moja. Kisha yeyusha nta ya nyuki, sufuria ndani ya sufuria ya maji ili isishike moto, upake ncha za meno na kuta za matundu kwa brashi, na kufuta inayozidi kabla haijaganda. Nta ya asali yetu ya milimani inafaa kabisa ukiichuja vizuri. Vanishi ya milango usiiweke mahali mtu atakapoweka ulimi wake.

Ukifunga skrubu, anza za katikati kisha nenda pembeni, kidogo kidogo, kila moja kwa zamu yake.

*Mpingo ndio mti wa zumari na klarineti duniani kote. Je, harmonika ya mpingo itakuwa na sauti tamu zaidi? (Mwalimu, Kibosho)*

Mwalimu, najua jibu hili litawaudhi baadhi ya wauzaji: hapana, si kwa namna unayofikiri.

Katika klarineti, mbao ndiyo bomba lenyewe. Hewa ndani yake inatikisika kwa urefu wa bomba hilo, na ulaini wa ukuta wake, unyoofu wake na makali ya matundu yake yote yanasikika. Mpingo unashinda kwa sababu unakubali kukerezwa kwa usahihi na haubadiliki umbo. Ni mzito, mita moja ya ujazo ina takriban kilo 1,200, kwa hiyo ukiutupa majini unazama. Lakini katika harmonika sauti inatoka kwenye ulimi wa shaba unaokata hewa. Chanuo ni mlango tu. Mlango ukifunga vizuri, sikio halijui kama ni wa plastiki, alumini au mpingo. Nimewahi kufunga mabamba yaleyale kwenye machanuo matatu tofauti na kuwapigia wanamuziki niliowaomba wageuke nyuma. Walibahatisha.

Basi mpingo una faida gani? Unatulia. Hauvimbi kama mpeasi, haunyonyi mate kwa pupa, unakubali kung'arishwa hadi midomo inateleza juu yake kama juu ya kijiwe cha mtoni. Mpigaji asiyeumia anapiga muda mrefu zaidi, kwa pumzi laini zaidi, na hapo ndipo utamu unapoingia. Mafundi wachache wa Ulaya na Marekani wanauza machanuo ya mbao ngumu kwa bei inayozidi harmonika yenyewe. Sioni kwa nini kipande hicho kisichongwe hapa, chini ya mlima.

*Bwana Fundi, mume wangu ameniachia harmonika kubwa yenye kitufe pembeni. Kitufe kinakwama na hewa inavuja. Mdomo wake unaweza kubadilishwa kama tunavyobadilisha midomo ya tarumbeta kanisani? (Mwanakwaya, Machame)*

Pole sana, mama, na hongera kwa kutoiacha ikae kabatini.

Ninyi wa Machame mmezoea tarumbeta. Wamisheni wa Leipzig walifika kwenu mwaka 1893, na bendi za matarumbeta za Kilutheri zimekuwa sehemu ya ibada ya mlima huu. Mdomo wa tarumbeta ni kikombe, na midomo yako yenyewe ndiyo inayotikisika ndani yake, kwa hiyo ukibadilisha kikombe unabadilisha sauti. Mdomo wa harmonika hautoi sauti yoyote. Kazi yake ni mbili: kuongoza midomo kwenye tundu moja, na kukibana kile kibati kinachoteleza nyuma yake.

Yako bila shaka ina matundu 12 na ndimi 48, nne kwa kila tundu, na kitufe ndicho kinachochagua zipi zipate hewa. Kibati lazima kiteleze, na wakati huohuo kisivujishe. Hapo ndipo ugumu wa chombo hiki ulipo. Kinachokwamisha mara nyingi ni sukari: ukinywa chai au soda kisha ukapiga, mate yanageuka gundi.

Fungua skrubu mbili za mbele. Panga vipande mezani kwa mfuatano uleule, ukivipiga picha kwa simu kabla hujavigusa. Osha kwa maji ya uvuguvugu, kausha, rudisha. Kaza skrubu hizo kwa zamu, robo mzunguko kwa kila moja, huku ukibonyeza kitufe. Kikianza kugoma, rudi nyuma kidogo. Kama bado inavuja, mdomo umepinda. Sugua upande wake wa nyuma juu ya kioo chenye msasa kama nilivyomweleza seremala wa Rau, ila upande wa mbele uliopakwa kromu au fedha usiuguse. Rangi hiyo ikitoka, nikeli iliyo chini yake huwawasha watu wengi midomo.

Kuhusu umbo, matundu ya mviringo yanashika midomo vizuri na yanamfaa anayejifunza. Ya mraba yanapitisha hewa nyingi zaidi. Kwako ningebaki na ya mviringo.

*Je, si kosa kukata mpingo kwa ajili ya kinanda? Tunaambiwa unakwisha. (Msomaji, Himo)*

Swali la haki kabisa. Mpingo unahitaji miaka 70 hadi 100 kufikia unene wa kuvunwa, na gogo likipasuliwa kwa ajili ya klarineti sehemu kubwa yake inakuwa taka, kwa sababu ya nyufa, mipindo na weupe wa nje. Hapo ndipo ninapoona nafasi ya harmonika. Kipande cha sentimita 10 ambacho kiwanda cha klarineti hakikitaki kinatosha chanuo moja. Usikatwe hata mti mmoja kwa ajili ya harmonika. Mabaki yapo.

Lakini hata mabaki yawe na karatasi. Mbao ya mpingo haisafirishwi bila vibali vya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Tangu Januari 2017 karibu miti yote ya jamii yake imo katika orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Mwaka 2019 vyombo vya muziki vilivyokamilika na vipuri vyake vilivyokamilika vililegezewa masharti, mbao ghafi haikulegezewa. Kule Kilwa vijiji vya Kikole na Kisangi vilipata cheti cha FSC mwaka 2009 kwa kusimamia misitu yao, na huo ndio mpingo ninaopenda kuununua.

Nasi wa Kilimanjaro tuna deni kwa mtu mmoja. Sebastian Chuwa, mtaalamu wa mimea wa Kibosho, alianzisha mwaka 1996 mradi wa kuhifadhi mpingo pamoja na James Harris, fundi wa kukereza mbao wa Texas aliyemfahamu kwanza kupitia filamu ya televisheni. Walipanda miche kupitia shule na vikundi vya akina mama na vijana. Mwaka 2002 Chuwa alitambuliwa na Tuzo za Rolex. Alifariki mwaka 2014. Miche ile hatutaivuna sisi. Huko Himo kwenu, tambarare yenye joto na ukame, ndiko mpingo unakopenda, si juu kwenye migomba.

*Kaka, mimi ni mpagazi. Natembea na harmonika mlimani. Marangu inalia vizuri, nikifika Horombo matundu mengine yananyamaza. Ni hewa nyembamba? (Marangu)*

Horombo iko mita 3,720 juu ya bahari, na hewa kweli imepungua kwa takriban theluthi moja. Lakini kinachonyamazisha si hicho. Sauti ya ulimi inaamuliwa na shaba yake, urefu wake na unene wake, na hivyo havibadiliki kwa sababu umepanda. Ni baridi. Pumzi yako ya joto ikigusa shaba baridi, mvuke unageuka matone, na tone moja likikaa chini ya ulimi, ulimi haulii.

Kwa hiyo usiibebe kwenye begi. Iweke mfuko wa ndani, kifuani, chini ya koti, angalau nusu saa kabla ya kupiga. Anza kwa kuvuta na kupuliza polepole matundu yote bila kutafuta wimbo, hadi chombo kipate joto la mwili. Ukimaliza, igonge kwenye kiganja matundu yakitazama chini, mara tano au sita, mate yatoke. Usiku ilale nawe ndani ya mfuko wa kulalia. Na kama chanuo lako ni la mbao isiyozibwa, nipitishie dukani kabla ya safari ijayo, tulitie nta.